Skauti Hapigi Makofi

Nadine Kessens alilipwa kutazama mpira wa kikapu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akiwa amefumba macho.

Wasiomjua walidhani analala. Gazeti la mji mmoja wa kusini mwa Indiana liliwahi kumpiga picha ukumbini, kidevu kimeangukia kifuani, mikono juu ya mkoba, likaandika chini yake kwamba timu yetu sasa inabembeleza hata maskauti. Rex, mumewe, aliikata picha hiyo akaibandika kwenye mlango wa friji, na kila alipofuata maziwa aliipigia saluti.

Lakini Nadine hakuwa analala. Alikuwa anasikiliza.

Alizaliwa kitindamimba katika nyumba ya wavulana, kwenye shamba la mahindi, na goli la kaka zake lilipigiliwa misumari ndani ya ghala la majani makavu. Ghala lilikuwa na taa moja, na taa hiyo ilikuwa na tabia ya kuzimika palepale mchezo unaponoga. Kaka zake hawakuacha kucheza. Nadine, aliyekatazwa kukanyaga uwanja, aliketi juu ya matita ya majani akaufuata mchezo gizani kwa masikio: mdundo wa mpira, mkwaruzo wa viatu, pumzi ya aliyechoka. Akagundua jambo. Kaka yake Leonard, mfupi na mzito wa miguu, alishindwa taa ikiwaka na kushinda taa ikizimika, kwa sababu Leonard alikuwa anasema. Nyuma yako. Nipe. Kata kulia. Wenzake walimfuata kama ng'ombe wanavyofuata kengele.

Tangu hapo Nadine alikuwa na imani yake. Gadi, yule mfupi wa timu anayepandisha mpira na kuwapanga wenzake, anaweza kuwa na miguu ya swala na mkono wa dhahabu, lakini asipokuwa na sauti ni kengele isiyo na ulimi. Alifundisha timu ya wasichana ya sekondari kwa imani hiyo mpaka magoti yake yakagoma. Kisha timu moja ya ligi ya kulipwa ikamchukua awe skauti wake wa majimbo ya huko, naye akaanza kuzunguka majira yote ya baridi katikati ya mashamba yaliyovunwa, akila mikate ya nyama ya nguruwe ambayo nyama yake huuzidi mkate kwa kila upande, akikaa safu ya tatu katika kumbi zinazonuka nta ya sakafu na soksi.

Aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda kanisa. Na kama kanisa, ilikuwa na amri zake. Ya kwanza: skauti hapigi makofi. Hata mtoto wa watu akiruka akamgusa malaika, wewe tulia, tafuna bazoka yako. Ukipiga makofi, jirani yako wa timu nyingine atajua moyo wako uko wapi, na siku ya uteuzi, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, atakuwahi. Ndiyo maana maskauti wote ukumbini huwa na nyuso za watu waliokuja kumzika mtu wasiyemjua.

Jirani wa Nadine, mara nyingi, alikuwa Gus Labonte, skauti wa timu nyingine, mtu wa bisi na soga. Ni yeye aliyempa Nadine jina la Bibi Sikio. Walikuwa wamekaa pamoja katika kumbi hizo kwa miaka mingi, wakipeana peremende na kuulizana habari za wajukuu, na kila mmoja akijitahidi kunusa mwenzake amempenda nani.

"Bibi Sikio, umeota nini leo?" Gus humwuliza mchezo ukiisha.

"Nimeota unanyamaza," Nadine humjibu.

Mwaka huu, hata hivyo, Nadine alikuwa na sababu ya kutofurahia utani. Katika timu yake kulikuwa na desturi ya kuweka jina. Kabla ya uteuzi, kila skauti huweka mezani jina moja tu na kusema: huyu namdhamini mimi. Majina mawili ya mwisho ya Nadine yalikuwa yameanguka. Kijana wa kwanza sasa anauza matrekta, na anayauza vizuri. Wa pili anacheza Slovakia, na kila Krismasi humtumia Nadine kadi yenye picha ya mbwa. Anders Pruitt, mkurugenzi wa timu, mtu mpole aliyeweza kuwa mwanawe, alimwita mwezi wa Novemba akamwambia kwamba anamheshimu sana. Nadine alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba heshima ya namna hiyo nyuma yake iko keki. Keki ya kuagwa, jina lako limeandikwa kwa sukari, na watu wanaila wamesimama ili wasichelewe kurudi kazini.

Jina la mwaka huu likianguka, keki itaokwa. Na Nadine hakuwa na hamu ya kitu kitamu.

Mwezi wa Februari akaenda Larkfield, chuo kidogo kilichoshonewa katikati ya mashamba kama kitufe kwenye koti pana. Alikwenda kumtazama gadi wa mwaka wa mwisho aitwaye Corwin Tibbs. Kitabu cha chuo kilisema kijana huyo ana urefu wa futi sita na inchi mbili. Nadine, aliyezoea vitabu vya vyuo, alijua kwamba hesabu hiyo ni pamoja na viatu, nywele na sala za mama mzazi.

Kwanza akamtazama kwa macho kama watu wote. Mabega mapana kwa mtu wa kimo chake, jambo jema. Akishampita mtu humweka mgongoni na kumfungia hapo kama mlango, jambo jema zaidi. Mkono wa kushoto mvivu; kila alipoweza aliurudisha mpira kulia. Hurusha kutokea chini mno, karibu na bega, na kwenye ligi watu warefu wangeila mipira hiyo kama karanga. Alikuwa mzuri, basi. Wazuri ni wengi.

Kisha Nadine akafumba macho, na ndipo akaisikia.

Ilikuwa sauti nene, ya shaba, inayotoka tumboni. Kushoto, kushoto. Kizuizi kinakuja. Mwache huyo, nimemshika. Na kila neno lilifika kabla ya jambo lenyewe, kama radi iliyokosea zamu ikautangulia umeme. Nywele za mikono zilimsimama Nadine. Alirudi ghalani, juu ya matita, taa imezimika, na Leonard anawaongoza wote. Alipofumbua macho, Corwin Tibbs alikuwa anapita mbele yake na mpira, mdomo uko wazi kidogo. Hilo lilimtosha.

Alimpigia Pruitt simu akiwa bado ndani ya gari, hata kioo hakijaacha kuganda.

"Anaongea?" Pruitt aliuliza, kwani alikuwa amejifunza kuuliza hilo kwanza. Miaka michache nyuma timu ilimchagua gadi mzuri kama malaika na mkimya kama malaika, ikapoteza mechi nyingi kimyakimya.

"Bosi, anaongea kama mhubiri anayelipwa kwa neno. Huyu ndiye jina langu."

Pruitt alifurahi kiasi cha kusema kwamba atakuja mwenyewe kumwona, Machi, kwenye mashindano ya Evansville.

Nadine hakuwahi kuweka jina la mtu ambaye hajala naye. Wiki iliyofuata, kwa ruhusa ya kocha, akamwalika Corwin kwenye mgahawa wa barabarani karibu na chuo. Corwin alikuja na rafiki yake Hank Dierckman, senta wa timu, yule mkubwa anayesimama chini ya goli, mtoto wa wafugaji, mpana kama mlango wa zizi, ambaye hakuwahi kusikia neno chakula akabaki nyuma.

Nadine aliuliza, Corwin akajibu. Ndiyo, mama. Hapana, mama. Asante, mama. Alikuwa na adabu na macho yenye kicheko, lakini sauti yake ilikuwa nyepesi kama karatasi ya peremende. Nadine alidhani kijana ana mafua. Akamwuliza kama koo linamuuma. Hapana, mama. Ikambidi ainame mbele ili amsikie.

Ndipo Hank alipogeuka kumwita mhudumu.

"Dada, niongezee mchuzi, na ile pai ya malai kama bado ipo."

Vijiko vilitetemeka kwenye visahani. Nadine aliweka uma chini.

"Hebu sema tena," alisema.

"Pai ya malai?"

"Sema kushoto."

Hank alimtazama Corwin, kisha akamtazama Nadine. "Kushoto," alisema, kwa upole wa mtu anayemwitikia mgonjwa. Mzee aliyekuwa meza ya pili akasogeza kiti chake kushoto.

Nadine alisukuma kikombe chake kando. "Kwa hiyo ni wewe unayepiga kelele uwanjani."

"Ni mimi, mama. Corwin anaona, mimi nabweka."

Corwin alimgusa Hank mkono, akafanya kitu na vidole vyake, upesi, chini ya ukingo wa meza, na Hank akacheka mpaka mchuzi ukapita njia isiyo yake. Nadine aliviona vidole hivyo. Alidhani ni michezo ya vijana. Aliviona, lakini hakuvisikia.

Nyumbani alimsimulia Rex juu ya meza ya karata. Rex aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu, na hakuna kilichobaki duniani cha kumshtua. Alisikiliza mpaka mwisho, akapanga karata zake vizuri.

"Kwa hiyo umemposa bwana harusi kwa sauti ya shemeji," alisema.

"Usicheke."

"Sicheki. Nauliza tu, huyo shemeji hawezi kuchaguliwa?"

"Rex, yule haruki hata gazeti lililolala sakafuni."

Rex akatupa karata. Nadine alieleza kwamba, ukitazama vizuri, hakuna anayejua. Pruitt hajui. Gus hajui. Kijana ni mzuri hata bila sauti. Mabega anayo, akili anayo. Huenda mtu akiwa gadi wa ligi sauti humjia yenyewe, kama ndevu. Rex akaenda kwenye friji, akachukua maziwa, akaipigia picha saluti. Siku hiyo saluti ilikaa hewani muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Sawa," Nadine alisema. "Sawa, nimesikia. Sikio la kufa ndilo halisikii dawa. Nipe simu."

Alimweleza Pruitt yote, pamoja na pai ya malai. Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejizuia kufanya jambo, kucheka au kulia, Nadine hakuweza kupambanua, na lilimuuma hilo, kwa sababu kupambanua sauti ndiyo kazi yake.

"Nimeshakata tiketi," Pruitt alisema mwishowe. "Nitakuja hivyohivyo. Majina yanafungwa asubuhi baada ya mchezo ule. Kaa nami, umtazame, na kabla sijatoka ukumbini uniambie jina libaki au liondoke. Ukiliondoa sitakulaumu. Ila hakuna muda wa jina lingine."

Hakuitaja keki. Hakuwa na haja ya kuitaja.

Ukumbi wa Evansville siku ile ulikuwa umejaa mpaka juu, na vyuo viwili vilikuwa vimeleta bendi mbili za matarumbeta zilizokaa zikitazamana kama wake wenza. Nadine alikaa safu ya tatu, Pruitt kulia kwake, na Gus Labonte, kana kwamba shetani ndiye aliyegawa tiketi, nyuma yao kabisa.

"Mkurugenzi mzima," Gus alisema akitafuna bisi. "Kumbe Bibi Sikio ameota kitu kikubwa."

"Tumekuja kusikiliza matarumbeta," Nadine alisema.

Mchezo ulianza, naye akafumba macho kwa mazoea. Hakusikia kitu. Yaani alisikia kila kitu kwa pamoja: ngoma, matarumbeta, maelfu ya koo, kama mvua kubwa juu ya mabati. Haukuwapo mdundo wala mkwaruzo. Sauti ya Hank nayo haikuwapo. Akalazimisha masikio, akakunja uso, akatafuta. Uji mtupu. Bibi Sikio alikuwa kiziwi kama jiwe, siku hiyo hasa.

Basi akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu awe skauti akakubali kuyaacha wazi.

Cha kwanza alichokiona hakikuwa uwanjani. Kushoto kwake waliketi mume na mke, wanene wa furaha, wanakula vibanzi kutoka sahani moja. Mwanamke alivaa fulana iliyoandikwa mgongoni MAMA WA TIBBS. Nao walikuwa wanagombana, au wanacheka, au yote mawili, kwa mikono. Vidole vilipaa na kutua kama shorewanda kwenye ukingo wa dirisha. Hawakuwa wanasikia hata tarumbeta moja.

Mchezo ulisimama kidogo. Yule mama akapunga mkono hewani mpaka macho ya kijana wake yakamwona kutoka katikati ya uwanja, akamfanyia ishara fulani kali. Corwin akainama, akavuta soksi yake ya kushoto, kisha akamjibu mama kwa vidole viwili, chini, karibu na paja.

Nadine akatoa simu yake, akaandika, akamwonyesha: *Umemwambia nini?*

Mama Tibbs alisoma, akaichukua simu, akaandika kwa kidole gumba chenye chumvi: *Avute soksi. Amejibu kwamba niko hapa kumwaibisha. Wewe ni nani?*

*Mimi ni mtu ninayetafuta sauti yake,* Nadine aliandika.

Mama Tibbs alicheka bila sauti, tumbo zima, akamgusa mumewe amwonyeshe. Kisha akaandika: *Unaitafuta mahali pasipo pake. Tazama mkono usio na mpira.*

Nadine akatazama mkono usio na mpira.

Na hapo, ndugu, ukumbi wote ukamnyamazia. Mkono wa kulia wa Corwin ulikuwa unadunda mpira. Wa kushoto, ule mvivu, ulikuwa unasema. Ulisema nyuma ya mgongo, ulisema kwenye nyonga, ulisema chini ya kidevu kana kwamba anajikuna. Ngumi, na mtu wa pembeni alikata kwenda golini. Vidole vitatu, na wawili walibadilishana nafasi. Kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooka, mkono unashuka chini kidogo: Hank, popote alipo, aliganda kama ng'ombe aliyefungwa. Ishara hiyo ndiyo iliyokuja mara nyingi kuliko zote, kwa maana Hank alikuwa na tabia ya kutangatanga.

Upande wa pili, gadi wa wapinzani, kijana mwenye sifa kubwa, alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna aliyemsikia. Mwenzake mmoja alimgonga kwa nyuma, mwingine akaenda kulia alipoambiwa kushoto. Watu watano walikuwa wamepotea kwenye uwanja mmoja wenye taa zote. Na wale wa Larkfield walipinda na kunyooka kama kundi la ndege jioni, wasiwe na wa kuwapigia filimbi.

*Wote wamejifunza?* aliandika Nadine.

*Tangu mwaka wa kwanza. Walikuwa wanakuja kula kwangu, na kwangu asiyeongea kwa mikono haletewi viazi. Hank kwanza alijifunza matusi tu. Uwanjani huwa anamtafsiria, kwa sababu kocha anapenda kelele. Leo hana sauti, imekauka tangu jana.*

Nadine akaishika simu mikononi bila kuandika. Kwa hiyo mtihani alioutaka ulikuwa unafanyika mbele yake muda wote: gadi peke yake, hana mbwekaji, na timu haijapotea. Alikuwa amefumba macho Larkfield ili amsikie, na kijana alikuwa anazungumza muda wote, mbele ya kope zake.

Alimgeukia Pruitt, aliyekuwa ameketi na uso wa mazishi.

"Ziba masikio," Nadine alimwambia.

"Nini?"

"Ziba masikio, bosi. Vidole ndani kabisa. Kisha tazama mkono wake usio na mpira."

Pruitt alikuwa mtu wa adabu. Alitia vidole masikioni. Nadine alimwona akitazama, mwanzoni kwa subira, kisha kwa kukunja uso, kisha mgongo wake ukaachana na kiti. Macho yake yakaanza kwenda na kurudi, mkono, Hank, mkono, mtu wa pembeni. Akasahau kuondoa vidole.

"Ana nini huyo?" Gus aliuliza kutoka nyuma.

"Masikio yanamuuma. Matarumbeta."

Zikiwa zimebaki dakika chache, mchezaji mmoja wa wapinzani aliteleza akaanguka, akashika goti. Bendi zikanyamaza. Maelfu ya watu wakanyamaza, kama watu wanavyofanya goti la mtu linapokuwa mashakani. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia bisi za Gus. Na Anders Pruitt, aliyekuwa bado ameziba masikio na akiamini kelele ziko palepale, akageuka, akauliza kwa nguvu zote za mapafu yake:

"Jina libaki au liondoke?"

Ukumbi mzima ukawageukia. Waamuzi waligeuka. Mchezaji mwenye goti alinyanyua kichwa. Na maskauti wote wa safu zile, nyuso za mazishi zikiwa zimewatoka, walinyoosha shingo kama bata. Nyuma yake Gus aliacha kutafuna.

Kinywa cha Nadine kilikuwa tayari kimefunguka. Akakifunga. Akafikiri juu ya keki, kwa kitambo kidogo tu, na juu ya matrekta, na mbwa wa Slovakia. Akafikiri juu ya mkono wa kushoto, ambao hakika ni mvivu kwenye mpira, na mrusho ule wa chini, utakaohitaji mwalimu na mwaka mzima. Kisha akafikiri juu ya kumbi za ligi, ambazo kelele zake ni mara mbili ya hizi, ambamo kila gadi mwenye sauti ya shaba hugeuka bubu usiku wa mechi kubwa.

Akanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, akaushusha mkono chini kidogo, juu ya goti lake.

Pruitt aliutazama mkono huo. Alikuwa ameuona mara nyingi nusu saa hiyo, na kila mara senta mmoja mpana alikuwa ameganda. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akatoa vidole masikioni.

"Amesema nini?" Gus alinong'ona kwa jirani yake. "Amesema libaki au liondoke? Nani amesikia?"

Hakuna aliyesikia. Zaidi ya Pruitt, Mama Tibbs peke yake ndiye aliyeona, naye alimwangalia Nadine kwa macho yaliyopanuka, kisha akaisogeza sahani ya vibanzi kati yao wawili.

Yule wa goti alisimama, akapigiwa makofi, kelele zikarudi. Na mwisho ulikuja kama ifuatavyo. Larkfield walikuwa nyuma kwa pointi moja, na muda umebaki wa kuvuta pumzi. Corwin alipandisha mpira, na safari hii aliudunda kwa mkono wa kushoto, ule mvivu, kwa sababu wa kulia alikuwa anauhitaji kwa maneno. Kidole gumba, kidole cha mwisho. Baki hapo hapo. Hank akabaki. Wapinzani wawili wakamrukia Corwin, na mpira ukapita katikati yao, chini ya kwapa la mmoja, ukatua mikononi mwa Hank Dierckman akiwa peke yake chini ya goli, amebaki alipoambiwa, mtu mpweke kuliko wote katika Evansville.

Akarusha. Mpira ukazunguka pete, ukafikiri, ukatoka nje.

Larkfield walikuwa wameshindwa. Bendi moja ikalipuka, nyingine ikaweka matarumbeta magotini. Hank alisimama palepale ameshika kichwa, na Corwin akamwendea, akamfanyia kitu kwa vidole mbele ya uso. Mabega ya Hank yakaanza kutetemeka kwa kicheko.

*Amemwambia nini?* aliuliza Nadine.

*Kwamba pai ya malai leo ni juu yake.*

Mama Tibbs akasimama. Mumewe akasimama. Safu nzima ya watu wa Larkfield, waliokula viazi vya nyumba ile na wasiokula, wakasimama, wakainua mikono juu ya vichwa, viganja wazi, vidole vikitikisika kama majani ya mti upepo unapopita; ndivyo wanavyoshangilia watu wa nyumba ile. Kutoka safu hiyo hapakuwa na sauti yoyote. Corwin akageuka akawaona.

Nadine aligundua kwamba yeye pia amesimama, na mikono yake iko juu.

"Skauti hapigi makofi, Bibi Sikio," Gus alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu aliyemfuma jirani na kuku wake.

Nadine hakuishusha mikono.

"Kwani umesikia kofi?"